Masafa ya Heshima

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kulitaja katika maandishi yasiyo ya serikali kunahitaji kibali, na kibali hicho hutolewa ghorofa ya nne, ambako lifti haifiki. Magoti yangu hayaniruhusu tena. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu, na wenyewe mtaijua.

Mimi ni karani wa masjala katika Mamlaka ya Hewa na Mawimbi. Napokea barua, nazigonga muhuri, naziweka kwenye majalada. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo hakuna barua hata moja iliyopotea. Zilizojibiwa ni chache, lakini hilo ni jambo la ghorofa za juu. Naeleza haya mapema nisije nikadhaniwa mtu wa lawama. Naipenda Mamlaka, na nadhani Mamlaka nayo ingenipenda kama ingejua nipo.

Tausi Mgendera alifika dirishani kwangu Jumatatu moja akiwa amebeba kitu kizito kama tofali, amekifunga kwa kanga. Alikuwa mhandisi wa redio, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mtulivu wa kusema, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Vumbi hilo lilikuwa la machimbo ya kokoto yaliyo nje ya mji, ambako alikuwa na karakana yake.

Alinieleza kilichomleta. Kule machimboni akina mama hukaa chini, kila mmoja mbele ya lundo lake, wakiponda mawe kwa nyundo. Malori huja kinyumenyume kupakia kokoto. Vumbi huwa zito kiasi kwamba dereva haoni hata kioo chake cha pembeni, seuze mtu aliyekaa chini. Mwaka uliotangulia lori lilimkanyaga mama mmoja, Hidaya, akiwa ameweka nyundo chini kupumzisha mikono. Alifariki palepale. Mdogo wake, Siwema, alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, naye hakujua lililotokea mpaka vumbi lilipotulia.

Baada ya msiba ule Tausi aliacha kazi zake nyingine akabuni kihisio cha rada cha kufungwa nyuma ya lori. Kikimwona mtu, kinapiga king'ora kwa dereva na kukaza breki chenyewe. Kamera alikwisha kuijaribu, ikaishia kupiga picha za vumbi. Mawimbi ya rada, aliniambia, hupita kwenye vumbi kana kwamba halipo.

Nilimuuliza anataka nini kwetu. Akasema anataka upana.

Nilipomwomba anieleze kama anavyomweleza karani, alifanya hivyo bila kunidharau. Rada hutuma wimbi na kusikiliza mwangwi. Ukipewa masafa mapana, unatenganisha mwangwi wa kitu hiki na wa kile kilicho jirani yake. Ukipewa membamba, vitu viwili vinaungana vinakuwa kimoja.

"Mama aliyekaa mbele ya lundo yuko sentimita thelathini au arobaini kutoka kwenye mawe," alisema. "Na lori lazima lilisogelee lundo, kwa hiyo nimekifundisha kifaa kiyapuuze mawe. Nikinyimwa upana, kaka yangu, hakitaona mama na mawe. Kitaona mawe tu."

Nikagonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Ndio muhuri pekee nilio nao.

*

Masafa aliyoyaomba, ya gigahezi ishirini na nne, yalikuwa wazi siku alipoanza kubuni na yalikuwa wazi siku alipoleta barua. Yalifungwa wiki ileile barua ilipofika mezani kwa Mkurugenzi Mkuu, Dakta Fulgensi Bakombo.

Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Nchi za mbali zilikuwa zimewazuia watu kutumia masafa hayo kwa upana, kwa sababu walizozijadili kwa miaka mingi, na badala yake zikawafungulia masafa ya juu zaidi, mapana zaidi, karibu na gigahezi themanini. Waraka wao ulifika kwetu ukiwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kufunga ulinakiliwa na kusambazwa nchi nzima. Ukurasa wa kufungua haukunakiliwa, kwa kuwa wino wa mashine ulikwisha.

Dakta Bakombo aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba katika suala la kufunga, nchi yetu haitakubali kuachwa nyuma na taifa lolote.

Tausi hakubishana. Alirudi karakana akaanza upya kwa masafa ya juu. Ilimchukua miezi minane, maana si suala la kuzungusha kitufe. Kila kitu ndani ya kifaa kilibadilika, kuanzia mistari ya shaba ambayo sasa ilitaka kuchorwa kwa unene wa unywele. Lakini alikuja amechangamka kidogo. Mawimbi yakiwa mafupi na antena huwa ndogo, kwa hiyo lile tofali lilikuwa limekuwa kitu cha ukubwa wa kiberiti. Alikiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa chepesi mno.

Katika maombi mapya aliandika, kwa uaminifu wake, kwamba kifaa kinatumia mawimbi ya milimita.

Neno milimita likasomwa ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili ikaona kwamba kila kinachohusu milimita ni kazi ya Idara ya Vipimo na Mizani. Jalada likapelekwa huko. Idara ikamwandikia Tausi alete wimbi moja lipimwe kwa rula iliyoidhinishwa. Akajibu kwa heshima kwamba wimbi linakwenda kwa kasi ya mwanga na halikai mezani. Wakamjibu, nao kwa heshima, kwamba alilete siku ambayo halina haraka. Mawasiliano hayo yaliendelea miezi minne. Mwishowe Tausi alikwenda na boksi tupu. Maofisa wakaipima hewa iliyokuwamo, wakaikuta haina kasoro, jalada likarudi kwangu likiwa limenenepa.

*

Kilichobaki kilikuwa kizuizi kimoja. Masafa yale ya juu, yote, kuanzia gigahezi sabini na sita hadi themanini na moja, kumbe yalikuwa yamehifadhiwa zamani kwa ajili ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, endapo siku moja atapenda kuzungumza humo.

Yanaitwa Masafa ya Heshima. Hakuna redio nchini inayoweza kuyasikia, na Mheshimiwa Mlezi hajawahi kuyatumia. Hata hivyo, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa wataalamu wetu huyasikiliza kutwa nzima na kuripoti kwamba ni kimya, na ripoti hiyo husomwa bungeni kama ushahidi wa utulivu nchini.

Tausi alipewa nafasi ya kumwona Dakta Bakombo kwa dakika saba. Mimi niliingia kubeba jalada. Alimweleza Mkurugenzi habari za Hidaya, na za mama na lundo, na za upana. Dakta Bakombo alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema Serikali ina masikio, na kwamba kwa huruma yake itampa sehemu ya masafa hayo pembeni kabisa, mahali ambapo sauti ya Mheshimiwa haiwezi kufika hata akipaza. Tausi akauliza upana wake. Ulikuwa sehemu moja ya ishirini ya aliouomba.

"Kwa upana huo vitu viwili lazima viachane karibu mita nzima ndipo nivitofautishe," Tausi alisema. "Hakuna mama anayekaa mita nzima kutoka kwenye lundo lake. Mkono haufiki."

Dakta Bakombo akashauri akina mama warefushiwe nyundo.

Nguvu nayo ilipunguzwa. Tausi akadhani ataweza kufidia kwa kuukusanya mwale, uwe mwembamba ufike mbali, kama mtu anavyokinga mikono mdomoni anapoita. Ikaonekana sheria haipimi nguvu unayoweka ndani ya kifaa, hupima inayotoka pale inapokolea zaidi. Ukikaza mwale, unahesabiwa umeongeza sauti. Kwa hili, nakiri, sheria yetu ilikuwa sawa na za wenzetu, na Tausi mwenyewe alisema ni haki. Aliuachia mwale, akakubali kifaa kione mita saba tu badala ya ishirini. Mita saba zinatosha, alisema, kama lori linakwenda polepole.

Tulipotoka alisimama koridoni akitazama chini kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama anataka maji. Akasema hapana, anafikiri.

*

Nilitumwa machimboni kushuhudia jaribio, kwa kuwa wahandisi wote wa Mamlaka walikuwa kwenye semina ya umuhimu wa kuwepo kazini.

Tausi alikuwa ameona njia nyembamba ya kupita. Ikiwa kifaa hakiwezi kumtenga mama na mawe kwa umbali, basi kimtenge kwa mwendo. Mawe hayaendi popote, ila mkono unaoponda unapanda na kushuka, na mwangwi wa kitu kinachokwenda hauwi sawa na wa kitu kilichotulia. Nikamuuliza, je, mtu hata akitulia si anapumua? Akanitazama kwa mshangao, nadhani hakutegemea swali hilo kutoka Mamlaka. Akasema ndiyo, rada iliyotulia inaweza kuona kifua kikipanda. Lakini lori linatikisika, na pumzi ya mtu inapotea ndani ya mtikisiko.

Dereva aliitwa Chande, mtu mnene mwenye wasiwasi, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile ya Hidaya. Akarudi nyuma polepole. Siwema alikaa mbele ya lundo akiponda. Vumbi likapanda, sikuona chochote. Kisha nikasikia king'ora na breki. Vumbi lilipoondoka lori lilikuwa limesimama mita tatu kutoka kwa Siwema, na Chande ameweka kichwa kwenye usukani.

Akina mama walipiga vigelegele. Siwema hakupiga. Alimuuliza Tausi itakuwaje akiacha kuponda.

Tausi akamwambia ukweli, kwamba akitulia hataonekana.

"Dada yangu alikuwa amepumzika," Siwema alisema.

"Najua, mdogo wangu."

"Kwa hiyo siku ile kisingemwona."

"Kisingemwona."

Siwema aliinama akaokota nyundo yake, akaendelea na kazi. Hakukasirika, au kama alikasirika hakutuonyesha sisi. Nikaandika katika ripoti kwamba jaribio limefaulu, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja.

*

Ripoti hiyo ilimfurahisha mno Dakta Bakombo. Alisema katika maisha yake yote ya utumishi hajawahi kuona kifaa chenye maadili. Mashine inayomtambua mchapakazi peke yake! Mara moja ukatolewa Waraka wa Mwendo, ukiwaagiza wananchi wote waliopo machimboni kujishughulisha wakati wowote lori linaporudi nyuma, na kuwakumbusha kwamba atakayekanyagwa akiwa amepumzika atahesabiwa amevunja sheria. Waziri wa Hewa akaahidi kuja kuzindua mwenyewe.

Siku ya uzinduzi jukwaa lilijengwa machimboni, likiwa na zulia na viti vya kuegemea. Nyuma yake kulikuwa na lundo kubwa kuliko yote, lililochaguliwa ili lionekane vizuri kwenye picha. Tausi hakuwa na kadi ya mwaliko, kwa hiyo alisimama nyuma ya kamba pamoja na akina mama. Mimi nilikuwa ngazini pa jukwaa na jalada.

Mpango ulikuwa kwamba akina mama sita, akiwemo Siwema, wakae mbele ya jukwaa wakiponda, lori lije, lisimame, watu wapige makofi. Lakini sauti ya nyundo ilikuwa inameza hotuba. Waziri alikuwa amefika mahali pa kusoma salamu za Mheshimiwa Mlezi, na salamu za Mheshimiwa Mlezi haziwezi kumezwa. Watu wa itifaki wakawaondoa akina mama haraka, wakawapeleka nyuma ya kamba. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Chande, ambaye alikuwa mbali, mgongo wa lori umetugeukia, akingoja bendera. Bendera ikapepea kwa upepo. Akaanza kuja.

Inabidi niwaeleze wageni kwamba kwetu, salamu za Mheshimiwa Mlezi zikisomwa, kiongozi hatikisiki. Hatikisi kichwa, hajifuti jasho. Wamezoezwa hivyo, na yupo mkuu wa mkoa mmoja aliyepoteza cheo kwa kupiga chafya. Kwa hiyo walikaa, viongozi kumi na wanne, wametulia mbele ya lundo la kokoto, na lori likaja kinyumenyume na wingu lake la vumbi. Wengine, nadhani, walidhani ni sehemu ya ratiba. Waliojua kuwa si sehemu ya ratiba walibaki wametulia vilevile.

Kifaa hakikulia. Chande alikuwa anakiamini, na mguu wake ulikuwa mbali na breki.

Nilisikia Tausi akipiga kelele jina la dereva, lakini injini ilikuwa juu. Kisha nikamwona Siwema akiruka kamba. Alikimbia akaingia kati ya lori na jukwaa, akaligeukia lori, akainua nyundo yake na kuanza kuponda hewa kwa nguvu, juu chini, juu chini. Vumbi likamfunika. Nilifumba macho. Nina miaka hamsini na minane na sikutaka kuona.

King'ora kikalia. Breki zikalia. Nilipofumbua macho, bodi ya lori ilikuwa imesimama shubiri moja kutoka kwenye kifua cha Siwema, naye alikuwa bado anaponda. Tausi alimfikia, akamshika mkono akaushusha taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Waziri alimalizia sentensi iliyobaki, kisha akazimia.

*

Tausi aliitwa mbele ya kamati. Dakta Bakombo ndiye aliyeongoza, ameweka kiberiti kile juu ya meza mbele yake kama nduli aliyekamatwa.

"Kifaa chako," alimwambia, "kilishindwa kumtambua Mheshimiwa Waziri."

"Kilimtambua kwa upana mlionipa, Mheshimiwa," Tausi alijibu. "Kilimwona kama mawe."

Mjumbe mmoja alianza kuandika, akasita, akafuta. Nadhani Tausi alikuwa amechoka kiasi cha kutojali tena watamfanya nini, na labda hilo ndilo lililomwokoa, maana kamati yetu haina uzoefu na mtu asiyeogopa. Kisha Dakta Bakombo akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama kungekuwa na upana wote, ingekuwaje. Tausi akasema kingewaona wote kumi na wanne, mmoja mmoja, na mguu wa meza ya Waziri.

Wiki ileile Kibali Maalumu kikatolewa. Katika miaka yangu kumi na tisa sijaona karatasi ikishuka ghorofa nne kwa siku tatu. Kiliruhusu Masafa ya Heshima yatumike, kwa upana wote, kwa ajili ya kulinda majukwaa ya viongozi. Machimbo na maeneo mengine ya kazi yangebaki na upana wa zamani pamoja na Waraka wa Mwendo. Siwema alipewa cheti cha pongezi na onyo la kuvuka kamba.

Mimi ndiye niliyekichapa kibali kile. Karani akichapa hasomi, huhesabu mistari tu, lakini siku ile nilisoma. Kifungu cha pili kilisema kwamba jukwaa ni "mahali popote palipotengwa, pakawekwa kiti kwa ajili ya kiongozi kukaa." Nilikisoma mara tatu. Hakikusema kiongozi awe amefika. Hakikusema hata kama amealikwa.

Tausi alipokuja kuchukua nakala alikuwa kama mtu anayekuja kuchukua cheti cha kifo. Sikumwambia kitu, kwa kuwa kushauri wananchi ni kazi ya idara nyingine. Niliigeuza tu karatasi upande wake, nikaweka kidole kwenye kifungu cha pili, nikakiacha hapo mpaka akanyanyua macho.

Wiki mbili baadaye nilitumwa tena machimboni kukagua, kwa kuwa wahandisi walikuwa kwenye semina ya kutathmini semina. Katikati ya malundo akina mama walikuwa wameweka kiti cha mbao, wamekifunika kitambaa cha rangi za taifa, na kukifutia vumbi vizuri. Nikaandika: Kiti kipo. Kiongozi anatarajiwa. Malori yote tisa yakafungwa kifaa chenye upana kamili.

Maombi yalianza kuja mwezi uliofuata. Machimbo mengine kumi na moja yalitaka kutenga kiti cha kiongozi. Kisha kiwanda cha mbao, soko la ng'ombe, shule moja iliyo kandokando ya barabara ya malori. Dakta Bakombo aliwaambia wabunge kwamba mapenzi ya wananchi kwa viongozi wao hayajawahi kufikia kiwango hiki, na wengine walilia. Kila kibali ni cha miezi mitatu, kisha maombi huanza upya, fomu sita kwa kila kiti. Tausi huzileta mwenyewe. Amekonda, na siku hizi huwa anaketi kwenye benchi kwanza kabla ya kuja dirishani.

Juzi nilimuuliza habari za machimboni. Alisema jana yake Siwema alikuwa amechoka, akajilaza chini kando ya lundo lake saa saba mchana, akapitiwa na usingizi. Lori la Chande likaja kinyumenyume, likalia, likasimama lenyewe mita nne kutoka alipolala. Chande akashuka, akatazama, akarudi kuzima injini. Akina mama wengine wakaweka nyundo chini.

Nikauliza ikawaje.

Tausi alisema walingoja karibu nusu saa, wote, mpaka alipoamka mwenyewe.